Upepo kwenye bomba la samaki

Nikishafungua duka asubuhi, kabla sijatundika mkoba, naenda kwenye tangi la samaki na kutazama mahali pamoja tu: kilele cha bomba lililopinda juu ya ukingo wa kioo, pale maji yanapomaliza kupanda na kuanza kushuka. Samaki nitawasalimia baadaye. Nikikuta kilele kimejaa maji tele, moyo unatulia. Nikikuta kiputo kimejilaza pale juu, kinachezacheza lakini hakiondoki, nachukua bomba la sindano na kukitoa kabla sijamhudumia mteja yeyote.

Nina duka la dawa hapa Mwanga, Kigoma mjini. Tangi liko mkono wa kulia ukiingia, mkabala na benchi la kusubiria. Urefu wake sentimita 120, upana 45, kimo 50, kwa hiyo likijaa hadi mdomoni linabeba lita 270. Ndani wapo Tropheus duboisi 14 na Neolamprologus brichardi wachache wanaojificha kwenye mawe ya nyuma. Mtoto akiingia analia kwa homa, mama yake humkalisha upande ule wa benchi, na mara nyingi kilio hukatika kabla sijamaliza kusoma cheti cha daktari.

Kama hujawahi kumwona duboisi akiwa mchanga, fikiria kanga yule ndege: mweusi tii, madoa meupe mwili mzima. Akikua madoa yanafutika, uso unageuka bluu, na anabaki na mkanda mweupe umemzunguka mwili. Ni samaki wa ziwa letu la Tanganyika na hana kwao kwingine duniani. Anakaa kwenye mawe ya pwani, anakwangua mwani juu ya mawe hayo, mahali mawimbi yanapopiga na kuchanganya maji na hewa mchana na usiku. Samaki wa namna hiyo huwezi kumweka kwenye maji yaliyolala. Nilipoongeza idadi yao niliona tangi linahitaji maji yatoke juu, yashuke kwenye tangi dogo lililofichwa chini ya meza, yapite kwenye sponji na changarawe, kisha pampu iyarudishe. Vumbi na mafuta yanayoelea juu ya maji yanaondoka nayo, na samaki wanapumua.

Sasa, njia iliyo bora ya kuyatoa maji juu ni kutoboa kioo. Nasema hili mapema ili asije mtu akadhani namshauri afuate njia yangu wakati ana nafasi ya kutoboa. Kama tangi lako bado liko kwa fundi wa vioo, mwambie atoboe kabla hajaligundisha kwa silikoni, na hakikisha kioo si kile kilichoimarishwa kwa moto, maana hicho kikiguswa na keko kinasambaratika chote. Langu lilikuwa na maji na samaki kwa miaka minne tayari. Fundi aliliangalia, akalizunguka, akanirudishia kishika uchumba changu. "Mama, hili siligusi." Nilimheshimu kwa hilo.

Ikabaki njia ya kuyarusha maji juu ya ukingo. Ndani ya tangi unaning'iniza kisanduku cha kioo chenye meno kama kichana. Maji yanapita kati ya meno na kuangukia humo. Nje ya kioo kinaning'inia kisanduku cha pili, chenye tundu linaloteremsha maji hadi tangi la chini. Katikati ya visanduku viwili kuna bomba lililopindwa mfano wa daraja, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, na miguu yote miwili imezama majini. Ukilijaza bomba hilo maji, kazi imekwisha: maji ya kisanduku cha ndani yakiwa juu kidogo ya yale ya cha nje, yanavuka yenyewe. Ni kanuni ile ile ya kijana anayehamisha mafuta kwa mpira kutoka pipa hadi dumu.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilifungua duka nikakanyaga maji. Taa ilikuwa haijawashwa na nilisikia kwanza sauti ya pampu, inaunguruma kavu, sauti ya kitu kinachosaga hewa. Tangi la juu lilikuwa limejaa hadi linamwagika. Tangi la chini lilikuwa tupu. Sakafuni, chini ya rafu, katoni ya pamba ilikuwa imevimba, na katoni ya ORS ilikuwa imelowa hadi katikati. Pamba ungeweza kuhangaika nayo. ORS iliyolowa huwezi kumpa mtoto wa mtu. Niliitupa yote, na pampu nayo ikafa wiki ile ile.

Bomba lilikuwa zima. Hapakuwa na ufa, hapakuwa na jani wala konokono aliyeziba. Lilikuwa limeshika upepo. Madereva na makanika wanalijua neno hili kuliko watu wa samaki: gari la dizeli likikaukiwa mafuta njiani, hata ukijaza tangi haliwaki mpaka upepo utolewe, breki zikiingia upepo, pedali inazama mguuni. Kwenye bomba langu upepo ulikuwa umejikusanya kileleni usiku kucha, kidogo kidogo, mpaka maji ya mguu huu hayakugusana tena na ya mguu ule. Daraja likakatika. Pampu haina habari, inaendelea kupandisha.

Nililia, kusema kweli. Halafu nikamkumbuka Baba.

Baba alikuwa fundi mwashi. Nilipokuwa na miaka tisa au kumi nilikuwa nashika ncha moja ya mpira wa levo siku za likizo, ule mpira mng'avu uliojazwa maji, yeye akiwa kona ya pili ya msingi. Kabla hajachora alama yoyote ya penseli alikuwa ananiambia, "Angalia kama kuna upepo, mama." Mimi napitisha macho mpira wote, kuanzia mkononi mwangu hadi kwake, unapolala kwenye matofali, unapopanda, unapopinda. Mara nyingi hapakuwa na kitu. Siku moja nikaona kiputo kirefu kama haragwe kimekaa mahali mpira ulipoinuka juu ya tofali. Akaja, akaupiga piga kwa kidole, akauinua, kiputo kikatambaa, kikatambaa, kikatokea mdomoni. Alama ikashuka karibu upana wa kidole. "Ukuta ungekuwa umelala," akasema, akaendelea na kazi.

Upepo hukaa mahali palipoinuka. Bomba langu la kwanza lilikuwa la plastiki ya kijivu, huoni ndani. Nilikuwa nimejinyima lile jicho ambalo Baba alinifundisha kulitumia. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichobadilisha ni hicho: nilikata kilele cha kijivu, nikaweka kipande kinachopitisha mwanga.

Lakini kuona si kutoa. Ilibidi nielewe upepo unatoka wapi, na kwa nini hauendi na maji.

Unatoka sehemu kadhaa. Maji yakianguka kati ya meno ya kichana yanabeba viputo. Mguu wa bomba ukiwa karibu na maporomoko hayo, vinafyonzwa moja kwa moja. Nilisogeza mguu ule kona ya mbali ya kisanduku na kusimamisha kipande cha sponji katikati, viputo vikubwa vikaisha. Vinavyobaki ni vile ambavyo havikuwa viputo vilipoingia. Maji yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, na kileleni, juu ya usawa wa tangi, mgandamizo ni mdogo kuliko chini. Kwa hapa Kigoma, ziwa lenyewe likiwa kwenye mwinuko wa mita 773 hivi juu ya bahari, kila sentimita 10 unazolipandisha bomba juu ya maji zinapunguza mgandamizo kwa kama asilimia 1. Inaonekana kidogo. Lakini maji yangu yanatoka chini yakiwa yamerushwa na kupigwa, yameshiba hewa kabisa, na mchana duka likipata joto uwezo wake wa kuishika unapungua zaidi. Hewa inaachia, kama soda iliyofunguliwa, ila polepole. Kilele cha kwanza kilikuwa sentimita 22 juu ya maji kwa sababu niliona umbo refu linapendeza. Sasa ni sentimita 9, kinapita karibu kuugusa ukingo wa kioo.

Kisha likaja suala la unene, na hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi. Kijana aliyenifungia mabomba aliniambia, "Dada, weka inchi mbili, bomba nene halina presha, hutasumbuka." Nilimwamini, maana kwa bomba la kuteremsha maji machafu ushauri huo ni sahihi. Kwa sifoni, yaani daraja la maji kama hili langu, ni kinyume.

Nilipima kwa ndoo. Niliweka ndoo ya lita 20 chini ya maji yanayorudi kutoka kwenye pampu, nikatazama saa ya ukutani, ikajaa kwa dakika moja. Ni sawa na lita 1,200 kwa saa. Maji hayo yakipita kwenye bomba lenye tundu la milimita 50 yanatembea sentimita 17 kwa sekunde. Sasa mtazame kiputo chenye ukubwa wa punje ya mtama: kwenye maji yaliyotulia kinapanda sentimita 20 hadi 25 kwa sekunde. Maji yanashuka mguu wa nje kwa 17, kiputo kinapanda kwa 20 na zaidi. Nani atashinda? Niliviona kwa macho yangu nilipoweka kipande king'avu: kiputo kinafika ukingoni mwa kilele, kinaburutwa chini kidogo, kinasita, kinatetemeka, halafu kinarudi juu kuungana na wenzake. Kwa bomba la inchi mbili nilikuwa nimejenga ghala la upepo.

Niliweka la inchi moja, tundu la milimita 25. Maji yale yale sasa yanakwenda sentimita 68 kwa sekunde. Kiputo hakipewi nafasi ya kufikiri; kinafika kileleni na kutoweka upande wa pili, unasikia kikitoka kwenye kisanduku cha nje.

Bei yake ipo. Maji yanayokimbia yanahitaji kusukumwa, na msukumo wa sifoni ni tofauti ya usawa kati ya kisanduku cha ndani na cha nje. Kwa bomba nene tofauti ilikuwa haionekani. Kwa hili la inchi moja nimepima kwa rula, kama sentimita 7. Kisanduku cha ndani lazima kiwe na kina cha kutosha kuibeba tofauti hiyo na mguu wa bomba ubaki umezama. Nilijaribu kwa hesabu bomba la robo tatu, nikaona lingedai zaidi ya sentimita 15, na kisanduku changu hakina kina hicho. Kwa hiyo usinyembamishe bila kupima. Pima maji yako kwa ndoo kwanza, ndipo uende duka la vifaa.

Mwenzangu mmoja wa Ujiji aliweka madaraja mawili sambamba ili moja likikatika lingine lifanye kazi. Nia nzuri, lakini maji yale yale yakigawanyika njia mbili, mwendo wa kila bomba unakuwa nusu. Kwa pampu kubwa sawa. Kwa pampu kama yangu ungekuwa unafuga upepo sehemu mbili.

Baada ya kubadilisha bomba nilikaa wiki tatu kwa amani, halafu kiputo kikaanza kurudi. Kidogo, kila asubuhi. Hapa nitasimulia taratibu maana ni kosa ambalo mtu anaweza kulitafuta mwaka mzima asilione.

Bomba la kawaida likivuja, linadondosha. Unaona tone, unaweka gundi. Kilele cha sifoni kikivuja hakidondoshi hata tone, kwa sababu mgandamizo wa ndani ni mdogo kuliko wa nje. Kinavuta. Kiungo kinabaki kikavu kama mfupa, unapitisha kidole na kuona kila kitu kiko salama, kumbe hewa inaingia humo humo. Nilichanganya sabuni ya unga na maji kwenye kifuniko cha chupa, nikakoroga hadi ikatoa povu zito, nikachovya mswaki wa zamani na kupaka kila kiungo, huku tochi ya simu ikiwa imeshikwa na binti anayenisaidia dukani. Viungo vitatu povu lilikaa, likang'aa, likapasuka lenyewe. Kiungo cha nne, upande wa ukutani ambako fundi hakufika vizuri na gundi, povu likaanza kubonyea katikati. Likatengeneza kishimo kama kitovu. Kisha likamezwa. Binti akasema, "Mama, linakunywa!" Na kweli lilikuwa linakunywa.

Nilifungua kiungo, nikakausha, nikasugua kwa msasa, nikapaka gundi ya plastiki na kuzungusha robo duara ili ienee. Juu yake nikapaka mafuta ya mgando hadi gundi ilipokomaa. Kiputo cha asubuhi kikaisha.

Bado nilitaka njia ya kuutoa upepo bila mkono wangu, kwa sababu duka nalifunga saa tatu usiku na silali humo. Mtu wa dawa ana bahati moja: vitu vya kutoa upepo viko rafuni. Muuguzi yeyote anajua kwamba dripu haiunganishwi kwa mgonjwa kabla mpira wake haujajazwa na viputo kufukuzwa. Nilichukua mpira wa dripu mpya, nikakata ncha, nikatoboa tundu dogo sehemu ya juu kabisa ya kilele na kuugundisha humo. Ncha ya pili nikaipeleka kwenye pampu ndogo iliyozama ndani ya tangi la juu, aina ile yenye kichuchu cha kuvuta hewa pembeni. Pampu ikifanya kazi inafyonza kupitia kichuchu, chochote kinachokusanyika kileleni kinavutwa na kutemwa tangini kama moshi wa viputo vidogo. Samaki wanaufurahia, wanapita katikati yake.

Hapo kuna jambo usilikose. Kichuchu lazima kiwe chini ya maji, na mpira usiwe na mwanya wowote njiani. Umeme ukikatika pampu inasimama, na kama ncha ya mpira iko hewani, hewa itarudi kwa njia ile ile na kulikata daraja ndani ya sekunde chache. Ikiwa majini, kitakachorudi ni maji. Kama huna pampu ya kuzamisha na unatumia ya kuvuta iliyokaa nje, weka vali isiyorudisha nyuma, na uijaribu kila mwezi, kwa sababu vali hizo zikiingia utelezi wa mwani hazifungi vizuri.

Kile kibano cha gurudumu cha mpira wa dripu usikitupe. Ninacho kwenye tawi fupi, na hapo ndipo ninapounganisha bomba la sindano la mililita 60 nikitaka kuanzisha sifoni upya. Nafungua, navuta, nafunga, namwaga, narudia. Mivuto minne au mitano na maji ya miguu miwili yanakutana juu. Watu wengi wanaanzisha kwa mdomo. Tafadhali acheni. Maji yangu nayachota ziwani, na kwenye kingo za Tanganyika zenye konokono kichocho kipo. Kidudu chake hakihitaji kidonda ili kiingie, ngozi laini ya mdomo inakitosha. Bomba la sindano ni bei ya maandazi machache.

Kipande king'avu nacho kilileta shida yake. Taa ya tangi ilikuwa inakipiga moja kwa moja, mwani ukaota ndani, na mwani ukipata mwanga unatoa hewa. Saa nane mchana niliona mnyororo wa viputo vidogo kama shanga umeshikamana na utando wa kijani, kila kimoja kimekaa kwenye shina lake. Nilikuwa nimepanda shamba la upepo pale pale nisipoutaka. Nilisafisha kwa brashi ya kuoshea chupa za watoto, kisha nikashona kipande cha kaniki kama soksi na kukivisha kilele. Asubuhi nakivua, naangalia, nakivisha tena.

Na umeme. Kwa miaka mingi mji wetu ulikuwa unawaka kwa majenereta ya dizeli, na sisi tuliokulia hapa tumezoea kuishi na giza la ghafla. Mashine yoyote inayowekwa Kigoma inapaswa kuulizwa swali moja: umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa kumi, utaamkaje? Sifoni ya namna hii, ikiwa nzima, inaamka vizuri. Pampu ikisimama, tangi la juu linashuka mpaka kwenye meno ya kichana na kukoma. Visanduku viwili vinalingana usawa, miguu inabaki majini, daraja linabaki limejaa. Umeme ukirudi maji yanapanda, tofauti inazaliwa, yanavuka. Hatari iko kwenye ule muda wa kusimama: viputo vilivyokuwa vinaburutwa na mwendo sasa vinapanda vyote kileleni na kukutana. Kukatika mara moja hakuna neno. Kukatika mara tano usiku mmoja, mara tano viputo vinaungana.

Kwa hiyo sikuacha kila kitu mikononi mwa bomba. Nilihesabu. Tangi la juu lina nafasi ya sentimita 4 kutoka usawa wa kawaida hadi mdomoni. Kwa urefu wa 120 na upana wa 45 hiyo ni lita 21 na kitu. Chumba cha pampu kwenye tangi la chini, ukipima kuanzia mdomo wa pampu kwenda juu, sasa hakibebi zaidi ya lita 18. Nilipunguza kwa kuweka ukuta wa kioo. Maana yake ni kwamba hata daraja likikatika kabisa na mimi niko nyumbani nimelala, pampu itayapandisha maji yote iliyo nayo na tangi la juu halitamwagika. Na nimeongeza floti ya umeme inayoizima pampu maji yakishuka hadi alama niliyochora kwa kalamu ya wino mzito. Hii ndiyo inayolinda pampu isisage hewa tena. Kama una shilingi za kitu kimoja tu, anza na lile la kupunguza maji ya chini, halihitaji umeme wala bahati.

Kila Jumapili jioni nikishafunga hesabu nasafisha mpira wa dripu kwa kusukuma maji ya moto kidogo ndani yake, naondoa konokono wadogo kwenye kichana, napitisha brashi. Dakika ishirini. Kwa makusudi nazima pampu kwenye soketi, nahesabu hadi mia, nawasha, na kutazama daraja likiamka nikiwa nimesimama pale pale.

Jumatano iliyopita umeme ulikatika kweli, saa moja usiku, duka likiwa na bibi mmoja wa kutoka Katonga aliyekuja kuchukua dawa za presha. Nilimpa kiti, nikawasha taa ya chaji. Duka lilikuwa kimya mno bila maji yale. Tukasikia matone ya mwisho yakiishia kwenye kichana. Nikavua soksi ya kaniki, nikamulika: kiputo kimoja, kisha viwili, vikaungana kuwa kimoja kama punje ya mahindi.

"Unatazama nini, mwanangu?" akauliza.

"Upepo, bibi."

Akasogea kuangalia. Nilimwonyesha, akaangalia kwa umakini kama anavyoangalia tarehe kwenye boksi la dawa. Umeme uliporudi baada ya nusu saa, pampu ilikohoa, maji yakapanda, ile punje ya mahindi ikatikisika, ikarefuka kuelekea kwenye mdomo wa mpira wa dripu, ikaingia. Kilele kikabaki maji matupu. Bibi alikuwa ameshageukia samaki. Akanionyesha kwa kidole jike mmoja wa duboisi aliyekuwa amejitenga kwenye kona ya jiwe, kidevu kimevimba, hali chakula, anatafuna tafuna polepole bila kufungua mdomo. Nilikuwa sijamwona. Ana mayai mdomoni; huwa ni machache na makubwa, na atayabeba hapo wiki kadhaa hadi watoto wawe na madoa.

Nimeandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo.